Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu na ada atazisoma mhazini. Nisimnyang'anye kazi yake. Taarifa yangu karibu yote inahusu jambo lililotushughulisha tangu tulipokutana mara ya mwisho: pendekezo la kubadili idadi ya wajumbe na majukumu ya baraza linaloshauri kuhusu uteuzi na nidhamu ya majaji.

Tulianza vibaya, na kosa ni langu. Kikao cha kwanza cha kamati nilikifungua kwa swali, "Wajumbe wawe wangapi?" Saa tatu nzima tukavutana. Huyu anataka 9, yule 15, na nadhani kila aliyetaja namba alikuwa na mtu wake moyoni anayemtafutia kiti. Ubao ulipojaa tarakimu, hakimu mmoja mstaafu aliinuka, akaufuta wote, akaandika neno moja: "Kazi?" Nikaahirisha kikao. Tuliporudi tulianzia kwenye neno hilo.

Maana kazi zenyewe hazifanani. Kupendekeza jina la jaji kunataka macho mengi: majaji, mawakili, na wananchi wasio wanasheria. Kusikiliza malalamiko dhidi ya jaji kunataka wachache waliosoma jalada lote, wasiodaiwa fadhila na mwanasiasa yeyote. Afrika Kusini wameliweka hilo ndani ya Katiba. Tume yao ya Huduma za Mahakama, inayofanya kazi kama ya baraza letu, ina wajumbe 23, lakini ikijadili jambo lisilo la uteuzi, 10 wanaotoka bungeni hawaketi, wanabaki 13. Kenya, kwa ibara ya 171 ya Katiba ya 2010, wana tume ya wajumbe 11, na 6 kati yao huchaguliwa na majaji, mahakimu na mawakili wenzao. Na anayedhani mageuzi ni kupunguza watu tu, atazame Italia: mwaka 2022 waliongeza wajumbe wa kuchaguliwa wa baraza lao la majaji kutoka 24 hadi 30.

Kwa hiyo waraka wetu wa maoni juu ya pendekezo hilo haukutaja idadi. Wapo walioniambia tumekwepa swali. Mimi naona tumelikataa, na hayo ni mambo mawili. Tumeomba nidhamu ipewe jopo lake, ili aliyependekeza jina la jaji asije akaketi kumhukumu jaji huyohuyo. Tumeomba pia kwamba mamlaka ya uteuzi ikiukataa ushauri wa baraza, itoe sababu kwa maandishi. Hili la pili ndilo ninalolishikilia kwa meno. Baraza la watu 7 linalojibiwa lina uzito kuliko la watu 30 ambalo barua zake huishia kwenye droo.

Kuna mahali tulishindwa kuafikiana: viti vya wasio wanasheria. Wanachama vijana wanataka theluthi. Wakongwe wanauliza mtu asiyewahi kusoma hukumu atampimaje anayeiandika. Nimo kwenye kundi la wakongwe kwa umri, ila kwa hoja hii nipo na vijana: mwananchi aliyesota kortini akisubiri hukumu ya shauri lake anajua kuhusu ucheleweshaji kitu ambacho sisi tumekizoea hata hatukioni tena.

Waraka umepokelewa kwa mhuri, jibu bado. Kipengele cha viti niliagiza kiachwe wazi, na nafasi yake ni ajenda namba 6 leo. Kura itakuwa ya siri.

Mwenyekiti