Fimbo za kupandia vilima: tuzipime kabla ya Jumamosi

Wandugu, wapapa na wamama, jambo kwenu wote.

Mvua imeendelea kunyesha na mnajua udongo wetu wa Bukavu unavyoteleza. Kwa hiyo naomba kila mwenye fimbo aje nayo Jumamosi tunapopanda vilima.

Kama unatafuta za chaguwa (mitumba) pale sokoni Kadutu, usitazame rangi. Irefushe, ifunge, kisha iegemee kwa uzito wako wote. Ikirudi ndani hata kidogo, iache. Mimi napendelea zenye kifungio cha kubana kwa nje kuliko zile za kuzungusha, maana mikono ikiwa na tope kuzungusha ni taabu. Alumini ni nzito kidogo kuliko kaboni, lakini ikigongwa na jiwe mara nyingi hupinda tu, kaboni huvunjika.

Urefu: simama sawa, ncha ikiwa chini kando ya mguu, kiwiko kikunjike kama pembe ya nyuzi 90. Tukipanda, punguza sentimita 5 hadi 10. Tukishuka, ongeza kiasi hicho hicho; hapo ndipo magoti yanaposaidiwa zaidi, hasa ya wazee wetu. Usivute kupita alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba.

Mkono uingie kwenye mkanda wa mpini kutoka chini, ndipo ushike mpini. Kwenye mteremko mkali utoe mkono kabisa kwenye mkanda, ukianguka usije ukateguka kifundo cha mkono.

Kofia za mpira za kwenye ncha ni za lami. Kwenye tope zivue.

Tunakutana saa 12 na nusu asubuhi. Asiye na fimbo aniandikie leo, ninazo mbili za kuazima.