YAH: MALALAMIKO KUHUSU STADI YA EKZOSI NA HEDI MLIYONIHARIBIA

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa kwenye mapokezi yenu mimi sikuipata.

Nilileta gari kwa kazi moja: stadi ya ekzosi (boliti isiyo na kichwa inayoshikilia bomba la moshi) iliyokatikia kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini. Kishina kilikuwa kimechomoza nje, cha kushikika kabisa. Dalili zote mliziandika wenyewe kwenye kadi ya kazi. Nilichorudishiwa ni tundu lililokwenda upande, uzi wa boliti ulioliwa, na ndani yake kipande kilichovunjika cha ekstrakta, kifaa cha kung'olea boliti iliyokatika, chuma kigumu ambacho biti ya kawaida ya drili haikiachii hata alama.

Msimamizi wenu aliniita, akafungua boneti mbele ya benchi la wateja, akamulika tochi na kusema: "Gari chakavu hili, ulitegemea nini? Tia sahihi uchukue." Akacheka.

Sasa nieleze, maana hakunieleza yeye. Hedi ni ya aluminiamu, stadi ni ya chuma, na kati yake kuna kutu ya miaka. Kishina kikiwa kimechomoza, fundi hukinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu na kuyapa muda, kisha huchomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea huivunja ile kutu, na nati inampa pa kutia spana. Fundi wenu alifanya nini? Alikisaga kishina kikawa bapa na uso wa hedi! Akajinyima kishikio alichokuwa nacho bure. Kisha akatoboa kwa drili ya mkono bila kupiga alama ya katikati, tena kwa pembeni, kwa kuwa hakutaka kufungua rejeta apate nafasi. Biti hukimbilia palipo laini, ikaingia kwenye aluminiamu. Ndipo akakandamiza ekstrakta mpaka ikakatikia humo.

Na kabla sijasahau: siku niliyopiga simu nikaambiwa "kazi inaendelea vizuri", ekstrakta ilikuwa imeshavunjika. Kadi yenu inaonyesha. Utaratibu wenu wa kupata idhini ya mteja kabla ya kazi ya ziada mnaujua kuliko mimi.

Narudi kwenye lile benchi, kwa sababu silali nikilikumbuka. Watu walikuwa wamekaa, mama mmoja na mtoto wake wakatazama. Nilimuuliza msimamizi, kwa sauti ya chini, kwa nini sikupigiwa simu kabla ya kutoboa. Badala ya kunijibu alimwita mwanafunzi wa gereji aje aone "gari chakavu". Akanisukumia karatasi na kalamu: tia sahihi uchukue. Nilipouliza nitaendeshaje gari linalovuja moshi, akasema nipake silikoni, itashika. Silikoni, kwenye mdomo wa ekzosi! Moshi ule una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na mimi hubeba watoto kwenye gari hilo.

Nataka nirudishiwe gharama yote ya ufundi. Pia hedi ipelekwe, kwa fedha zenu, kwa mkerezaji mwenye mashine ya kutoa chuma kigumu kwa cheche za umeme, tundu lirudishwe kwenye mstari wake na kutiwa helikoili (uzi mpya wa chuma unaoingizwa tunduni), uso wa manifoldi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye hedi, upimwe kama umenyooka, na nifungiwe stadi zote mpya na gasketi mpya.

Nilipoanza kuandika nilidhani hayo yanatosha. Hayatoshi. Mkerezaji akisema ukuta wa tundu umebaki mwembamba, sitaki kiraka, nataka hedi nyingine nzima. Na msimamizi huyo aniombe radhi kwa maandishi, kwa kuwa alinidhalilisha hadharani.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitakwenda kwa mamlaka ya kuwalinda walaji na kisha mahakamani, nikiwa na picha za tundu, kadi yenu ya kazi na ripoti ya fundi asiye wa kwenu. Fidia ya muda wote niliokaa bila gari nitaidai huko huko. Ile karatasi yenu sikuitia sahihi na sitaitia.

Nijibiwe kwa maandishi. Simu sitapokea.

Wenu,
Mteja