Miti mingine itoe, ndugu yangu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na picha nimeziona. Hongera, shamba limependeza, misindano (misonobari) imesimama kwenye mistari iliyonyooka kama uzi. Ila pale ulipoandika kwamba hutaki hata mti mmoja uguswe mpaka siku ya kuvuna, niliguna.

Ulipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche 1,600 kwa hekta, na ulifanya vizuri. Miti michanga ikibanana hukosa mwanga wa pembeni, ikabidi iufuate juu, na matawi ya chini yakipigwa kivuli hufa yangali membamba. Itazame ile ya pembezoni mwa shamba: upande wa jua ina matawi manene. Kubanana kumekunyooshea miti. Sasa vilele vimegusana, na kuanzia hapa kubanana huko huko kutakunyima unene.

Wengi hudhani mti uliobanwa haurefuki. Unarefuka tu! Urefu hutegemea zaidi udongo na mbegu; kinachodumaa ni unene wa shina. Ardhi yako ina uwezo wake wa kuotesha mti, nawe ndiye unayeamua uwezo huo uishie kwenye fito 1,600 au kwenye magogo 300 au 400 ya maana. Wapasuaji mbao wakija watapima unene kwanza.

Kwa hiyo punguza, lakini kwa awamu. Miti iliyokulia kwenye msongamano ni mirefu na myembamba, imezoea kukingana na upepo. Ukiiachia nafasi kubwa kwa mkupuo, dhoruba ya kwanza itailaza. Anza na iliyopinda, yenye panda (shina lililogawanyika mawili), yenye ugonjwa na iliyodumaa. Kuna pia lile jitu lenye matawi mazito linalowafunika majirani zake. Najua unalipenda, litoe. Tia alama ya rangi kwenye miti yote ya kutoka kabla msumeno haujawashwa, kisha rudi siku nyingine uitazame tena kwa utulivu. Pengine utakuta miwili mibovu imesimama jirani, ukitoa yote unabaki na pengo. Hapo bakiza ule wenye nafuu.

Kupogoa nako usikucheleweshe. Tawi likikatwa mapema, kifundo, yaani kile kipande kigumu cha tawi ndani ya mbao, hubaki katikati ya gogo, na mbao yote inayoongezeka baadaye kukizunguka ni safi. Ukiliacha lifie pale pale, shina linalinenepea na kulimeza likiwa limekufa. Siku ya kupasua, kile kifundo cheusi kinachomoka na kuacha tundu kwenye ubao.

Tafadhali, panga liache nyumbani, linachana gome. Tumia msumeno. Pale tawi linapotokea shinani pana uvimbe kidogo, kama kola. Kata nje yake tu, usiuguse, wala usiache kisiki cha kutundikia kofia. Tawi likiwa zito, anza kwa kulikata kidogo kwa chini, ndipo uje juu, lisije likaanguka na ngozi ya mti. Na usipogoe juu kupita kiasi: acha angalau nusu ya urefu wa mti ikiwa na majani mabichi, maana hayo ndiyo yanayoulisha.

Kuhusu wazo lako la kukata yote siku ya kuvuna ili visiki vichipue upya, hilo ni la mikaratusi. Msindano ukikatwa umekwisha, visiki vyake havitakuletea kitu.

Matawi utakayoyaangusha usiyarundike kwenye mashina, moto ukipita hapo hautabakiza mti. Yatawanye katikati ya mistari, na ile njia ya kuzuia moto uifyeke kabla ya kiangazi. Ukishaweka alama nitumie picha kabla hujakata, hasa za ile yenye panda, nijue umeiacha mingapi kwa huruma.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
rafiki yako wa siku zote