Mama Zawadi, friji usiuze kwanza

Shoga yangu Mama Zawadi,

Salaam kwako, kwa Baba Zawadi na watoto. Ujumbe wako nimeusoma wote: kazi ya Baba Zawadi imesimama, kodi ya nyumba inakwisha mwezi ujao, mkopeshaji ameshakupigia simu mara mbili, na wewe unafikiria kuuza friji. Iache kwanza. Hapa mjini watu huuza vitu wiki ya kwanza, hukopa wiki ya pili, na wanapokuja kuulizia haki zao, siku za kudai zimeshapita. Nataka ninyi mwanze na haki.

Hiyo barua ya kuacha kazi kwa hiari ambayo Baba Zawadi ameambiwa asaini "ili mambo yaishe haraka", asiisaini. Akiisaini anajifungia milango miwili kwa mkono wake. Wa kwanza ni fao la upotevu wa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Aliyeachishwa kazi na amechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita, aliyejiuzulu halipati. Wa pili ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama ameachishwa isivyo halali, ana siku 30 tu tangu siku ya kuachishwa kujaza fomu namba 1 na kuiwasilisha. Kufungua shauri ni bure, na si lazima kuwa na wakili. Siku ya 31 ataanza kuomba kibali cha kuchelewa, na kibali hicho hakitolewi ovyo.

Adai pia kwa mwajiri, kwa maandishi: mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakwenda, notisi ya siku 28 kama hakupewa, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi (haizidi miaka 10), na cheti cha utumishi. Kabla ya hapo apite NSSF na kitambulisho chake achukue taarifa ya michango. Wengi hukatwa kila mwezi kwenye slipu ya mshahara, halafu kule mfuko unaonyesha mapengo. Akikuta pengo, aziache hapohapo nakala za slipu na alalamike rasmi. Slipu zote, hata zilizokunjika, msitupe hata moja.

Sasa misaada. Mlango wake ni ofisi ya serikali ya mtaa. Usiende wilayani moja kwa moja, utarudishwa. Mwone mjumbe wako kwanza, maana ndiye atakayeulizwa kama anakufahamu, kisha nenda kwa mtendaji wa mtaa na kitambulisho au namba ya NIDA, umwombe barua. Barua nyingi huandikwa "mtajwa ni mkazi wa mtaa huu, naomba asaidiwe", na barua ya namna hiyo haifiki mbali kwa sababu haisemi asaidiwe nini. Mwombe aandike idadi ya watu katika kaya, umri wa watoto, tarehe kipato kilipokatika, na mahitaji matatu kwa majina yake: chakula, kodi, matibabu. Hakikisha ina mhuri na tarehe. Ukitajiwa hela ya barua, omba risiti, kwa upole. Toa nakala nne, na ile halisi ubaki nayo.

Kutoka hapo nenda ofisi ya kata, kwa afisa ustawi wa jamii. Kama kata yenu haina, mwone afisa maendeleo ya jamii. Atataka kuja nyumbani kuona hali. Usione aibu, wala usipange nyumba ionekane vingine. Chukua jina lake, namba ya ofisi na siku aliyokuahidi. Siku hiyo ikipita, rudi asubuhi ya kesho yake. Faili husogea kwa mtu anayelifuatilia. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, usiitegemee kwa mwezi huu: kaya huingizwa kwa zoezi la utambuzi na mkutano wa hadhara, si kwa kuomba leo ukalipwa kesho. Na yeyote anayeuza "fomu ya TASAF" au kuomba namba ya siri ya simu ili akuingizie msaada ni tapeli. Huyo mripoti.

Kwenye chakula, nakuomba ujifunze kuomba kwa kipimo. Kwenye migao ya chakula, mtu mmoja huhesabiwa gramu 400 za nafaka kwa siku, gramu 60 za kunde na gramu 25 za mafuta. Ninyi watano mnahitaji kilo 14 za unga au mchele kwa wiki, maharage kilo 2 na kidogo, mafuta karibu lita moja. Watoto wanakula pungufu, lakini hesabu hiyo inatosha kuanzia. Ukimwambia mtu "hali ni mbaya", atakupa pole na nauli. Ukimwambia "tuna kilo 6 za unga, tumepungukiwa 8 kufika Jumapili", hapo anajua cha kutafuta, na watu wawili au watatu wanaweza kugawana mzigo huo. Kwa upande wako anza na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, ndiye anayepeleka majina parokiani. Paroko akipokea mtu asiyejulikana kwenye jumuiya humrudisha hukohuko. Mama mkwe wako amwone imamu wa msikiti wake aulize habari ya zaka. Mafakiri na maskini wamo katika makundi manane yanayostahili kupewa, na wenye madeni wamo pia, jambo ambalo wengi hawalitaji wanapoomba.

Na kikoba chako, je? Vikoba vingi vina mfuko wa jamii uliotengwa kwa ugonjwa, msiba na majanga, mbali na hisa. Soma katiba yenu uone kama kupoteza kipato kumo. Ukitoa hisa zako zote sasa utakosa na huo mfuko.

Unaponunua, nunua dona badala ya sembe, na ununue kwa kilo. Unga na mafuta ya kupima kidogo kidogo yanaonekana rahisi, lakini ukijumlisha vipimo vya wiki utakuta umelipa zaidi. Yule mdogo wa miaka miwili mpeleke kliniki apimwe mzunguko wa mkono kwa ule mkanda wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, anahitaji matibabu mara moja. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kufuatiliwa kwa karibu. Usisubiri akonde usoni, na ukiona miguu imevimba usimwite mnene.

Juu ya kodi, mwone mwenye nyumba mapema, kabla mwezi haujaisha. Usimwahidi miezi sita kama kawaida yao. Omba kulipa mwezi mmoja mmoja kwa miezi mitatu, mwandikishane, msaini wote wawili mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kila malipo yapite kwenye simu au yawe na risiti. Makubaliano ya mdomo ndiyo huleta ugomvi, kila mtu anakumbuka lake. Akikataa, deni ni deni, atakudai; lakini hana ruhusa ya kukufungia mlango kwa kufuli lake, kutoa vitu nje au kung'oa bati. Kumtoa mpangaji kunataka amri ya baraza au mahakama. Akianza vitisho, piga picha, mwite mwenyekiti wa mtaa, kisha nendeni baraza la kata kwa usuluhishi. Likishindikana, ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa ushauri wa bure wapo wasaidizi wa kisheria katika kata nyingi, wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, na hapo Dar wapo LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake.

Umeme nao una pesa yako. Mita ikiwa kwenye D1, tarifa ya watumiaji wadogo, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi ya serikali, kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Mkizidisha mnaweza kuhamishiwa tarifa ya T1, ambayo bei yake ni karibu mara tatu. Wapangaji mnaochangia mita moja mnazidisha bila kujua. Na ile 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni kodi ya jengo, mzigo wa mwenye nyumba. Tunza ujumbe wa manunuzi, umwombe aipunguze kwenye kodi yako ya nyumba.

Zawadi asikae nyumbani kwa ajili ya michango. Mwanafunzi wa shule ya serikali hafukuzwi kwa mzazi kushindwa kuchangia. Mweleze mwalimu mkuu, umwachie nakala ya ile barua ya mtaa. Hospitali ya serikali, matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure kisera. Kwa wengine ulizia dirisha la ustawi wa jamii kabla ya kutibiwa, kwa sababu msamaha wa bili iliyokwisha andikwa ni mgumu kuliko wa kuombwa mwanzoni.

Huyo mkopeshaji anayepiga simu mwambie hapana. Ndiyo kausha damu yenyewe, mikopo ya riba ya kunyonya. Mkopeshaji halali ana leseni ya Benki Kuu, na riba yake haizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayetaka 30 kwa mwezi na kadi yako ya benki kama dhamana hana sheria upande wake. Programu za simu nazo uziogope: mwaka 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na baadhi ya hizi huwapigia ndugu na majirani zako wote ukichelewa siku moja. Ukitaka mtaji baadaye, kuna mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba. Kikundi lazima kisajiliwe na maombi huchukua muda, kwa hiyo usiipigie hesabu ya unga wa wiki hii.

Jioni nakutumia shilingi 20,000. Usilipie deni la dukani, shoga yangu. Ni za nauli ya NSSF na CMA, na fotokopi.

Wako,
Mama Neema