Kwa mdogo wangu aliyeshuka Roysambu

Mdogo wangu,

Uliponieleza kwamba ulishuka kwenye matatu Roysambu kwa kuwahofia waliokuwamo, ilhali nauli ulishalipa hadi Githurai, uliongeza upesi: "Labda niliwaonea tu, dada." Marafiki zako wamekucheka, nawe umeanza kucheka nao. Mimi sicheki.

Hebu turudi kwenye uliyoyaona. Matatu ilikuwa na viti vitatu wazi, ikapita steji iliyojaa watu bila kusimama. Nairobi, saa mbili usiku! Makanga gani huyo anayeacha pesa barabarani? Kisha abiria wawili waliojifanya hawajuani, mmoja akamwita mwenzake kwa jina. Halafu ukaambiwa uhame mlangoni ukakae nyuma, katikati yao. Hukuwa na ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini hiyo haikuwa ndoto wala uoga. Umepanda matatu mara ngapi tangu uje huku? Kichwa chako kinajua gari la kawaida linavyokwenda, na kikiona lisilo la kawaida moyo huanza kudunda kabla hujapata neno la kusema.

Najua kilichokusumbua ni haya. Kwetu tumefundishwa kutomwaibisha mtu mzima, na kushuka ghafla ni kama kumwambia mtu usoni kwamba ni mwizi. Sasa fikiria: kama walikuwa watu wema, wamepoteza nini? Wamebaki na nauli yako na kiti kimoja zaidi cha kujaza. Mtu mwema hakasiriki ukitaka kushuka. Anayekasirika, anayekushika mkono akikuuliza "kwani unaniogopa?", huyo ndiye wa kumkimbia.

Umeniuliza pia ungefanya nini kama wangekataa kusimamisha gari, au kama mtu angekufuata mtaani. Piga kelele, ndiyo, lakini usiishie kuuambia umati "nisaidieni". Wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walionyesha mwaka 1968 kwamba mtu akijua kuna wengine wanaosikia, huwa mzito zaidi kutoa msaada. Kila mmoja hudhani mwenzake atakwenda. Chagua mtu mmoja. "Mama mwenye leso ya kijani, naomba nisimame nawe. Huyu mwanamume simjui." Hilo la "simjui" lipaze sana, maana hapa mwanamke akivutana na mwanamume watu hudhani ni mambo ya nyumbani, wakapita zao.

Na usipige kelele za "mwizi!" ili kuwavuta watu. Watakuja, ndiyo, lakini na mawe, na wanaweza kumwua asiyehusika. Umati wenyewe una siku zake mbaya. Wewe ulikuwa mdogo Novemba 2014, wanawake walipoandamana katikati ya jiji baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji. Sheria ikabadilishwa mwaka uohuo: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Ndiyo maana nakwambia utafute mtu, usitafute kundi: mama mboga, mwenye kibanda cha M-Pesa, mlinzi wa jengo, wahudumu wa kituo cha petroli ambako taa huwaka usiku kucha. Wengi wao huona mengi na hawahitaji maelezo marefu.

Weka namba hizi kwenye simu: 999 au 112 ya polisi, na 1195, ambayo ni ya bure, kwa ukatili wa kijinsia. Na Mungu apishe mbali, lakini nikisema nusu nitakuwa sijasema: mtu akibakwa, hospitali kwanza, kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Daktari hapaswi kusubiri fomu ya polisi ndipo amtibu.

Limebaki moja. Kuna wakati huwezi kusema wazi kwa sababu mtu yuko hapohapo. Basi nipigie uniulize kama nimemlisha paka. Mimi sina paka, kwa hiyo nitaelewa. Usikate simu. Nitakuuliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana: umepita Muthaiga? Wako zaidi ya mmoja? Nipige 999? Nawe ujibu kama unayezungumza na dada mbea anayependa kujua kila kitu, jambo ambalo hutahitaji kuigiza.

Dada yako