Mama, kuhusu ile minervali iliyopotea

Bruxelles, Jumapili jioni

Mama mpenzi, jambo sana.

Mdogo wangu akusomee barua hii polepole, na asiruke mahali panapomhusu yeye.

Najua nyumbani bado kuna uchungu kuhusu minervali, ile pesa ya shule niliyoituma kwa mtu tusiyemjua. Kwenye simu nilisema mtandao ulisumbua. Si kweli, Mama, unisamehe. Nambari inaishia na 17, mimi niliandika 71, nikaitazama, nikaiona iko sawa, nikabonyeza. Mtoto akarudishwa kutoka shule kwa kosa la kidole changu.

Wakati ule nilikuwa natoka depo ya vifurushi saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili na nusu niko darasani najifunza Kiholanzi, halafu nalala kuanzia saa nane mchana hadi saa moja. Masaa 5, miezi minne mfululizo. Nikajiambia mwili umezoea. Siku moja nikasimama mbele ya mlango wa jengo letu, mvua inanipiga, tarakimu nne za kuufungua zimenitoka kichwani, tarakimu ninazobonyeza kila siku! Nilingoja pale hadi jirani akatoka na mbwa wake. Niliogopa sana. Nilidhani ubongo wangu unaugua.

Daktari alipima damu, hakuona kitu, ndipo akaniuliza ninalala masaa mangapi. Nikamjibu: matano, lakini nimezoea. Akaniambia neno hilo la kuzoea ndilo linalomtia wasiwasi. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2003 na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Watu wazima wenye afya walilala masaa 6 au pungufu kila usiku kwa siku 14. Mwishoni umakini na kumbukumbu zao zilikuwa zimeshuka hata kufikia hali ya mtu aliyekesha siku mbili. Lakini wenyewe, walipoulizwa, walijiona wana usingizi kidogo tu. Mama, hapo ndipo nilipoielewa ile 71. Kichwa kilichochoka ndicho hichohicho unachokituma kukagua kama kimechoka. Ni kama ule ukungu wa ziwani asubuhi: ng'ambo ipo, wewe huioni, na ukikaa ndani yake muda mrefu unasahau kwamba uliwahi kuiona.

Kahawa ya kisiwa cha Idjwi uliyonitumia naipenda, ila nilikuwa naitumia vibaya. Tukiwa macho, ubongo unakusanya kitu kinachoitwa adenosini, na hicho ndicho kinacholeta usingizi. Kahawa inakificha tu, haikiondoi. Tena ukiinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku karibu nusu yake bado imo mwilini.

Sasa darasa nimelihamishia alasiri. Nikitoka kazini nalala moja kwa moja, dirisha nimelifunika kwa kile kitenge chako cha bluu maana jua la hapa halina huruma, na ninafikisha masaa 7 na zaidi. Haikuwa dawa ya siku moja. Jumapili ya kwanza nililala masaa 12, nikaamka mzito kuliko mwanzo. Ni baada ya wiki kadhaa ndipo nilipoanza kukumbuka majina ya watu.

Mdogo wangu, soma hapa kwa sauti. Uliniambia unakesha hadi saa nane usiku kwa ajili ya mtihani wa Leta, ule wa taifa wa kumaliza sekondari. Mtu wa miaka 17 anahitaji masaa 8 hadi 10. Yale uliyoyasoma mchana, ubongo unayapanga na kuyashika ukiwa umelala. Ukiukata usingizi unasoma ili usahau. Funga daftari saa tatu.

Na wewe Mama, umeme ukirudi katikati ya usiku, usimwamshe apige pasi na kujaza bidoni za maji. Ile pasi ya makaa ya bibi bado ipo, nguo za shule azipige Jumamosi. Hata wewe lala. Miaka yote hiyo ulikuwa unaamka kwa ajili yetu, na mimi nilidhani hukuchoka kwa sababu hukusema.

Minervali nitaituma tena kesho, nikishaamka, si nikitoka kazini. Nitapiga simu kwanza. Mdogo wangu anisomee nambari tarakimu moja moja, mara mbili, kabla sijabonyeza.

Mwanao wa kwanza