Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Msimu wa Korosho 2024/2025

Ndugu wanachama, wajumbe wenzangu wa bodi, na mgeni wetu kutoka ofisi ya Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu mmegawiwa kwenye makabrasha na mhasibu atazisoma baada yangu. Mimi nitazungumzia namna mzigo wetu ulivyosafiri msimu huu kutoka shambani hadi kwa mnunuzi, na yaliyotupa taabu njiani.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani kuuza mazao kwa mnada yakiwa ghalani, ulipoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, njia ilikuwa karibu ile ile. Mkulima analeta, karani anapima, gari linapeleka ghala kuu, wanunuzi wanatumbukiza bei kwenye sanduku, sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima. Msimu huu sanduku limeondoka. Mnada umehamia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, ambako mnunuzi anaweka bei kwa kompyuta na sisi tunaziona kwenye kioo. Haki ya kuikubali au kuikataa bei tumebaki nayo. Wazee kadhaa waliniambia wanaikumbuka ile karatasi, kwa kuwa karatasi waliiona kwa macho ikitolewa sandukuni. Nawaelewa. Ila sanduku nalo lilikuwa na minong'ono yake, na sijasikia mtu akiidai minong'ono irudi.

Mnada ulikuwa mwepesi. Kazi ilikuwa kwenye mizani.

Mizani ya rula tuliyoizoea ilikuwa na adabu yake isiyoandikwa popote. Rula ikitulia katikati ya kilo 46 na 47, karani aliandika 46. Mkulima alinung'unika, akasema kilo zimeliwa, akaondoka. Ukweli ambao haukuwa ukisemwa mikutanoni ni kwamba vipande vile vya kilo ndivyo vilivyokuwa vikifidia unyaufu, yaani uzito unaopotea korosho zinapokauka. Mizani ya kidijitali haijui adabu hiyo: inaonyesha hadi gramu, na risiti inatoka hivyo hivyo. Mkulima akafurahi, na alistahili. Lakini ile kinga iliyotufidia imeondoka, na unyaufu haukuondoka.

Naomba tulielewe hili kwa hesabu. Gunia la kilo 80 likiingia na unyevu wa asilimia 12, kisha likakauka ghalani hadi asilimia 9, linabaki na kilo 77 na kidogo. Hakuna aliyeiba, maji yamekwenda hewani. Ila ghala kuu linapopima na kukuta pungufu, deni linakuja kwa chama, na deni la chama ni letu sote. Katika vikao vya bodi jambo hili lilichukua muda kuliko mengine yote. Wapo waliotaka turudie kukata kilo kimya kimya, kwa jina lingine. Tulikataa. Badala yake tuliamua kwamba kila gunia lipimwe unyevu mlangoni kabla ya kupanda kwenye mizani, na lisilokauka lisipokelewe.

Uamuzi huo ulitugombanisha na watu. Mtu amekodi bodaboda, amefika na gunia lake, anaambiwa hazijakauka! Tulitukanwa, na mimi nilitajiwa mpaka babu yangu. Mambo yalitulia tulipotandika maturubai uwanjani, ili mwenye korosho mbichi aanike pale pale badala ya kuzirudisha nyumbani. Bado foleni ilikuwa ndefu wiki za mwanzo, na hilo nalitambua.

Karani wetu wa zamani hatukumwondoa. Mashine tumewapa vijana waliomaliza kidato cha nne, naye tumemweka mlangoni, maana akishika korosho kiganjani na kuitikisa anakwambia kama imekauka kabla kipimo hakijasoma. Vijana walimcheka siku za kwanza. Sasa wanamwita kipimo kikigoma.

Kuhusu malipo: fedha zilizochelewa kwa wanachama wetu, nyingi hazikukwama kwa mnunuzi wala kwa Chama Kikuu, muungano wa vyama kama chetu. Zilikwenda benki zikarudi. Jina kwenye daftari la chama ni moja, kwenye kitambulisho ni lingine, kwenye akaunti ni la tatu. Wengine akaunti zimelala kwa kuwa hutumika mara moja kwa mwaka. Na zipo nyumba ambazo mama analima shamba lake, lakini mzigo wote unasajiliwa kwa jina la baba. Bodi haiingilii ndoa za watu. Inasema tu kwamba mfumo unamlipa mwenye jina, na ukishalipa haurudi nyuma.

Wanaoona usajili ni usumbufu wakumbuke msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakabeba mzigo. Wenye mzigo mkubwa walihakikiwa hadi mashambani kabla ya kulipwa. Aliyekuwa na kumbukumbu za shamba lake alipumua mapema.

Kangomba, yaani kuwauzia walanguzi nje ya mfumo, haijaisha. Mizani ya kidijitali haimsaidii mtu aliyekwisha kuuza korosho zake kwa bakuli mwezi wa nane, zikiwa bado maua, kwa sababu mtoto anadaiwa sare ya shule. Hapa teknolojia imefika mwisho wake. Bodi inaleta pendekezo leo, ajenda ya saba, kwamba sehemu ya ziada ya mwaka huu iwe mfuko mdogo wa mikopo ya kati ya Julai na Septemba, urejeshwe kwa makato ya mnada wa kwanza. Najua wapo wanaoipinga, na wana hoja: mfuko wa namna hii ukiendeshwa kwa kujuana unakufa msimu mmoja. Ndiyo maana tunataka masharti yajadiliwe hapa, mbele ya wote, kabla ya kupiga kura.

Fomu za kurekebisha majina ziko kwa katibu, meza ya kushoto mlangoni. Leteni kitambulisho na kadi ya benki kabla salfa, dawa ya mikorosho, ya msimu mpya haijaanza kugawiwa, kwa kuwa jina litakalotumika kwenye salfa ndilo litakalotumika kwenye malipo.